Nilimwambia mwamuzi nilimsikia binti yangu, na sikuwa nimesikia kitu

Makosa ni yangu. Sitaki mtu aanze kusoma hapa akitafuta mwingine wa kulaumu, sijui mtoto, sijui kocha, sijui shetani. Shetani hata hakuwa Thika siku hiyo. Nilikuwa mimi, na kadi shingoni imeandikwa "Mama wa Timu", na mdomo wangu mwenyewe.

Jina langu sitataja. Majina ya watoto nimeyabadilisha, maana wao bado wanaenda shule na hawakuomba kuandikwa. Wewe nisikilize tu kama umeketi pale kwangu kibandani unangoja nguo yako, mimi nashona huku naongea. Mikono ikiwa na kazi, mdomo unasema ukweli kwa urahisi kidogo.

Mimi ni fundi wa nguo huku Kamenu, Thika. Nashona yunifomu za shule, na wakati shule zimefungwa nashona chochote kitakacholetwa. Nina binti mmoja, tumwite Njeri, ana miaka kumi na moja. Na haya yote ninayokuletea yanahusu mchezo wa chess. Najua! Utasema, mtu mzima mwenye akili zake analia juu ya chess? Ningekuwa wewe ningecheka pia.

Njeri alianza akiwa gredi ya tatu. Kulikuwa na kocha mmoja kijana, mwalimu mpole sana, aliyefungua klabu ya Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa huko Ruiru. Nilimpeleka ili nipate nusu siku ya kushona bila mtu wa kuniuliza maswali. Lakini mtoto alipenda, jamani! Anakula akicheza, anaoga akihesabu hatua. Baba yake alielezwa sheria mara moja akasinzia, kwa hivyo ikabidi nijifunze mimi. Nilijifunza hadi nikawa najua farasi anaruka vipi na malkia anatisha vipi. Hilo likumbuke, maana siwezi kujitetea kwamba sikuelewa nilichokiona.

Ni huko Ruiru nilikopata rafiki. Tumwite Mama Nekesa. Kwao ni upande wa Bungoma. Mume wake alikuja kufanya kazi kwenye shamba la kahawa, siku hizi wamepanga Murera, wana kuku na vitalu vya sukuma. Binti yake Nekesa ni mkubwa wa Njeri kwa miezi michache tu. Wazazi hawaruhusiwi kuingia ndani watoto wakicheza, basi sisi wawili tulikuwa tunakaa nje kwenye benchi. Yeye analeta njugu za kukaanga, mimi naleta chai kwa thamosi. Miaka mitatu, kila Jumamosi.

"Mama Njeri, hawa watoto wetu siku moja watatuingiza kwa gazeti," alikuwa anapenda kusema.

"Wewe ngoja tu," namjibu.

Haya, gazeti ndilo hili.

Mwaka juzi nilifanyiwa upasuaji wa tumbo. Baba Njeri alikuwa zamu kiwandani, na dada zangu wako mbali. Mama Nekesa hata hakungoja kuombwa. Alikuja, akachukua begi la mtoto na kitabu cha hesabu, akaenda na Njeri Murera wiki nzima. Nilipotoka hospitali nilimkuta mtoto wangu amenenepa, amejua kuokota mayai, na chess yake imekuwa ya ajabu. Nekesa alikuwa amemfunza kila jioni baada ya kufunga kuku.

Na ni Nekesa aliyemtia kichwani ile sheria ya kugusa. Kwa chess, ukigusa kete yako lazima uicheze, hata kama umeona ni upuuzi. Kama unataka tu kuinyoosha ikae sawa, lazima useme kwanza "adjust", kwa sauti, mwenzako asikie, ndipo uiguse. Usiposema, umegusa, na ukigusa umecheza. Njeri alikuwa na mkono mwepesi. Nekesa alimshika na hiyo sheria mara nyingi wiki hiyo hadi mwenyewe akawa anakalia mikono yake akifikiria.

Sasa ikaja timu ya kaunti. Ilitakiwa timu ya watoto sita walio chini ya miaka kumi na mbili, wawakilishe kaunti yetu msimu mzima, wacheze na kaunti nyingine hadi fainali. Kocha alinifanya mama wa timu. Kazi yangu ilikuwa kuangalia maji, kalamu, choo, na pia kushona traksuti. Kwa sababu ya hiyo kadi, mimi peke yangu kati ya wazazi wote ndiye niliyeruhusiwa kuingia ukumbini. Niliringa! Usione naandika kwa unyonge, wakati huo nilikuwa natembea na ile kadi hadi sokoni.

Siku ya kuchagua timu ilikuwa Jumamosi, hapa Thika, kwenye ukumbi wa shule moja. Hadi raundi ya mwisho watoto watano walikuwa wameshapita kwa pointi. Ilibaki nafasi moja. Na kompyuta ikapanga nani na nani? Njeri na Nekesa. Atakayeshinda anaingia timu, na wakitoka sare Nekesa ndiye anaingia kwa sababu alikuwa na nusu pointi zaidi.

Nje kwenye benchi Mama Nekesa alinishika mkono. "Aki Mama Njeri, hii nayo ni mbaya. Sasa nitaombea nani?"

"Omba tu Mungu achague," nikamwambia, nikaingia ndani na katoni ya maji.

Nilizunguka meza zote mara moja, kisha nikajikuta nimesimama karibu na ile moja. Walikuwa wamefika mbali. Njeri alikuwa mbele kwa kete, lakini Nekesa alikuwa amemleta malkia wake karibu kabisa na mfalme wa Njeri. Kilichomzuia ni farasi mmoja tu. Yule farasi alikuwa askari wa mlangoni. Akitoka pale, popote atakapoenda, malkia anaingia na mchezo umekwisha.

Njeri alikuwa anaona kitu kingine upande wa pili, pauni, ile kete ndogo, ya kula bure. Mkono ukatoka chini ya paja. Akamshika farasi, akamwinua kidogo, mimi nikiangalia. Kisha akaona. Akamrudisha haraka pale pale, na uso wake ukabadilika.

Hakusema "adjust". Hakusema chochote. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, na ukumbi ulikuwa kimya hadi ungesikia feni.

Nekesa alisimamisha saa ya mchezo, akainua mkono, kama walivyofunzwa. Hakupiga kelele. Mwamuzi, mzee mwenye miwani ambaye alikuwa upande ule mwingine, akaja polepole.

"Amegusa farasi," Nekesa akasema.

Mwamuzi akamgeukia Njeri. "Ni ukweli? Uligusa?"

Njeri alifungua mdomo. Nataka uelewe hapo. Mtoto wangu alifungua mdomo kusema, na mimi mama yake namjua, alikuwa anataka kusema ndiyo. Machozi yalikuwa yameanza kujaa. Angesema, angecheza farasi, angepoteza, tungelia kidogo njiani, ningemnunulia chipsi, na maisha yangeendelea!

Lakini mimi nilimtangulia.

"Alisema adjust," nikasema. "Nilimsikia. Mimi niko hapa."

Mwamuzi aliniangalia, akaangalia kadi yangu. "Una uhakika, mama?"

"Nilimsikia kabisa."

"Hakusema!" Nekesa akasema, sasa sauti imepanda. "Mama Njeri, hakusema! Aki hakusema!"

"Binti, hapa hatubishani na watu wazima," mwamuzi akamwambia. "Endeleeni." Akabonyeza saa.

Nekesa hakuweza kuona bodi tena. Alikuwa anafuta macho na mkono wa sweta huku saa yake inakwenda. Baada ya hatua kama sita hivi alipoteza malkia wake kijinga, mtoto ambaye hapotezi malkia. Wakapeana mikono. Njeri alikuwa ameangalia meza tu, na mpaka tukatoka nje hakuniangalia.

Sasa ngoja nikwambie lililo baya zaidi. Ukidhani nimeshafika, bado.

Pale nje Nekesa alimkimbilia mama yake akalia kwenye kifua chake, akamweleza yote. Mimi nikatokea mlangoni na katoni tupu. Mama Nekesa akanitazama, nikajua sasa ndipo hapa, sasa nitasema. Lakini yeye akatabasamu, ingawa macho yalikuwa mazito.

"Hongera, Mama Njeri. Huyu wangu anasema eti Njeri aligusa na wewe ukamtetea. Nimemwambia wewe siwezi kukushuku. Wewe nakujua." Akamsukuma mtoto mbele kidogo. "Nekesa, huwezi kuita mtu mzima mwongo mbele ya watu. Kuja hapa. Omba Mama Njeri msamaha."

Na yule mtoto akaja. Akasimama mbele yangu na macho yamevimba.

"Nisamehe, Mama Njeri."

Unajua nilijibu nini? Nilimpapasa kichwa! Nikamwambia, "Usijali, mami, kushindwa kunauma." Mkono huu huu ninaoandika nao.

Wiki iliyofuata nilimalizia traksuti. Nilikuwa nimeshapima watoto wote wanane waliokuwa karibu kuingia, na nguo ya Nekesa ilikuwa tayari imekatwa, maana nilijua kwa vyovyote angepita. Suruali yake ilikaa kwa kikapu miezi. Kila nikitafuta kipande cha kuweka mfuko nakutana nayo. Mwishowe niliikatakata nikaifanya viraka.

Kocha alipeleka timu kupigwa picha karibu na maporomoko ya Chania. Watoto sita kwa traksuti mpya ya kijani, maji nyuma yao, wazazi wanashangilia na simu. Nilimwambia Njeri acheke. Akacheka na meno tu. Hiyo picha nimeitazama mara nyingi, na kila mara naona mtoto aliyevaa nguo ya mwenziwe, ingawa vipimo ni vyake.

Nekesa hakurudi klabu. Mama yake alipiga simu mara moja. "Anasema hataki tena chess. Nimemwambia ni kiburi cha kushindwa, kitaisha." Hakikuisha. Jumamosi nikawa naketi kwenye benchi peke yangu na thamosi, kisha nikaanza kuingia ndani na kadi yangu hata kama hakuna kazi, ili nisiione ile nafasi iliyobaki wazi.

Sasa Njeri. Nilifikiri atasahau, si ni mtoto? Wiki mbili za kwanza zikapita. Hakuniuliza kitu, nami sikusema kitu. Hapo ndipo ningesema, na nilikuwa na nafasi zaidi ya mia! Asubuhi nikimsuka nywele ningesema, "Njeri, siku ile nilikosea." Maneno manne hayo. Badala yake nikamwambia, "Ona sasa wewe ni mchezaji wa kaunti," nikaendelea kusuka.

Kisha akaanza kubadilika. Msimu ulipoanza alicheza vizuri, akashinda, timu ikapanda. Lakini niliona kitu mkononi mwake. Alikuwa ameacha kukalia mikono. Anagusa kete, anasita, kisha anasema "adjust", chini chini, baada ya kugusa. Mara ya kwanza nilijiambia nimeona vibaya. Mara ya tatu mtoto wa kaunti nyingine akalalamika. Njeri akamwambia mwamuzi, macho makavu, "Nilisema. Hakusikia tu." Akaaminiwa.

Na nyumbani je? "Umemaliza homework?" "Nimemaliza." Kumbe daftari ni tupu. "Nani amekunywa soda ya wageni?" "Hata sijui." Siku moja nikachoka, nikamshika sikio. "Njeri! Tangu lini umekuwa mwongo kwa hii nyumba?"

Hakulia. Aliniangalia tu, akangoja nimwachilie. Nilimwachilia mwenyewe.

Fainali zilikuwa Ruiru, kwenye ukumbi ule ule wa kanisa. Tulikuwa tumebakisha mechi moja, na timu yetu ikishinda tunachukua kombe. Watoto walikuwa wanaimba asubuhi yote. Ndani kulikuwa na mwamuzi nani? Yule yule mzee wa miwani. Aliponiona akanisalimia vizuri, "Mama wa timu, tena ni wewe," na mimi nikatabasamu.

Matokeo ya bodi nyingine yalikuwa yameshaingia, tuko sawa kwa sawa. Ilibaki bodi ya Njeri na kijana mmoja mdogo wa kaunti ya jirani, mwembamba, kola ya shati imemzidi shingo. Kocha alikuwa mlangoni. Wenzake Njeri walikuwa wamepangwa ukutani, wamefunga midomo kwa mikono. Mimi nilikuwa pale pale ninaposimamaga, hatua mbili.

Njeri alimgusa mfalme wake. Alimgusa kabisa, akamwinua. Halafu akamwachilia, akashika kete nyingine. Yule kijana akainua mkono.

"Nilisema adjust," Njeri akasema kabla hata mwamuzi hajafika. Hakutetemeka, hakupepesa jicho. Kisha akanionyesha kwa kidole. "Muulize mum. Alinisikia. Yeye hunisikianga."

Ngai! Hapo nikashtuka. Si kwa sababu ya mwamuzi, wala kocha. Ni ile sura. Hakuna aliyemfunza mtoto wangu ile sura isipokuwa mimi. Alikuwa ananiangalia kwa utulivu kabisa, kama mtu anayejua anadai haki yake.

Mwamuzi akanigeukia. "Mama?"

Usidhani niligeuka mtakatifu hapo. Nilijisikia nimeshikwa na hofu tu. Niliona mbele yangu binti wa miaka ishirini, thelathini, na ile sura.

"Hakusema," nikajibu. "Aligusa. Hakusema kitu."

Watoto kwenye ukuta wakavuta pumzi. Njeri hakuelewa kwanza. Alinitazama, akamtazama mwamuzi, akanitazama tena. Kisha uso wake ukavunjika.

"Lakini ya Nekesa ulisema ulinisikia!"

Hakunong'ona. Alisema ukumbi mzima ukasikia. "Na sikuwa nimesema! Nilikuwa nimegusa tu! Mbona ya Nekesa ulisema? Mbona ya leo unasema hivi?"

Nilitaka sakafu ifunguke. Mwamuzi alivua miwani, akaniangalia bila miwani kwa muda mrefu. Kalamu yake ilikuwa bado imenyooka juu ya karatasi. Yule kijana mdogo alikuwa ametuangalia mimi na Njeri, na nadhani alikuwa anajuta kuinua mkono.

"Cheza mfalme," mwamuzi akamwambia Njeri kwa upole.

Akacheza mfalme. Akapoteza. Kombe likaenda kwa jirani. Hakuna mtoto aliyemlaumu, na hilo lilikuwa zito zaidi, maana wote walikuwa wameelewa ni nani wa kulaumiwa.

Kocha alinikuta nje kwenye lile benchi. Hakukasirika. Alinyoosha mkono.

"Mama Njeri, naomba kadi."

Niliivua. "Kocha, wacha nikuelezee..."

"Usinielezee mimi," akasema. "Nekesa alikuja kwangu wiki ile. Alilia hapa kwa ofisi, akaniambia hakudanganya. Na mimi nilimwambia mama wa timu hawezi kudanganya." Akakunja ile kamba ya kadi kidoleni, polepole. "Sasa mimi pia niko na deni kwa huyo mtoto, na sijui nitaanzia wapi."

Njiani kurudi Thika Njeri alikaa dirishani. Nilimwambia pole. Nilimwambia nilikosea kwa Nekesa, si kwa leo. Alisikiliza yote. Halafu akaniuliza swali moja tu.

"So ningesema ukweli siku ya Nekesa, ungekasirika?"

Nilisema hapana. Sidhani aliniamini, na kwa nini aniamini?

Jumapili hiyo baada ya kanisa tulienda Murera. Nilikuwa nimeshona gauni la Nekesa, nikaliacha nyumbani. Niliona aibu kwenda na kitambaa kana kwamba naenda kununua kitu. Njeri ndiye aliyebeba begi lake, sikumuuliza lina nini.

Mama Nekesa alifurahi kutuona! Hiyo ndiyo iliniua. "Haiya, mmepotea hivi! Karibuni, karibuni, hata kuku wameanza kuwasahau!" Akatoa viti nje, karibu na sukuma. Nekesa akatoka, akasalimia kwa heshima, akasimama mbali.

Nilisema nikiwa nimesimama. Nilijua nikiketi sitasema. Nikamwambia, "Mama Nekesa, siku ile Njeri aligusa farasi. Hakusema adjust. Mimi nilimdanganya mwamuzi. Mtoto wako alisema ukweli."

Hakuelewa mara moja. Niliona maneno yanaingia moja moja. Akageuka akamtazama binti yake, si mimi.

"Nilimwambia mtoto wangu ni mwongo," akasema polepole. "Nilimfanya akuombe msamaha. Mbele ya watu." Akaweka mkono mdomoni. "Hajanielezea kitu cha shule tangu siku hiyo. Hata akiumwa haniambii. Nikafikiri ni umri."

Nilianza kulia. Alininyamazisha kwa mkono, si kwa ukali.

"Usilie hapa, Mama Njeri. Tafadhali. Ukilia itabidi nikubembeleze."

Akaingia ndani akaleta chai. Akanipa kikombe, akaweka njugu kwenye sahani. Desturi ya nyumba yake haikumruhusu kuninyima. Lakini hakuketi. Miaka mitatu tumekaa benchi moja, na siku hiyo alisimama mlangoni hadi nikamaliza kunywa.

Sasa nilipogeuka kuangalia watoto, Njeri alikuwa amefungua begi. Alikuwa amekuja na bodi yake. Aliitandika juu ya kigoda, akamwaga kete. Nekesa alikaribia, akainama, akaanza kuzipanga. Si kwa kuanza mchezo mpya, la! Alizipanga moja moja, hapa pauni, pale ngome, hapa mfalme, malkia wake karibu, farasi wa Njeri mlangoni. Ule mchezo wa siku ile. Miezi yote hiyo alikuwa nao kichwani, kila kete mahali pake.

Njeri alitazama bodi. Akatoa mkono chini ya paja. Akamshika farasi, akamcheza.

Nekesa akamleta malkia.

"Checkmate," akasema, bila kuinua sauti.

Wakapeana mikono kama walivyofunzwa. Nekesa akarudisha kete kwa mfuko, akaufunga kamba, akampa Njeri. Kocha amemwita Nekesa klabu mara tatu tangu hapo, na hajaenda. Alichotaka ni ule mchezo mmoja uishe.

Njeri siku hizi anacheza tena, amerudi kukalia mikono yake. Kwa bodi ni mwaminifu, kocha mwenyewe ameniambia. Lakini kwangu mimi kuna kitu kimebaki. Nikimwambia kitu chochote, kitu kidogo tu, kwamba nitakuja saa kumi, kwamba dawa haiumi, kwamba baba yake amepiga simu, ananiangalia kwanza. Halafu ananiuliza taratibu, bila dharau.

"Mum, hii ni kweli, ama ni kweli ya siku ya Nekesa?"

Na mimi kila mara najibu, "Hii ni kweli." Naye anatikisa kichwa, kisha anaenda kuangalia mwenyewe.

Wewe mzazi mwenye kadi shingoni, wa chess, wa mpira, wa kwaya, wa chochote kile, nakuomba. Mtoto wako akifungua mdomo kusema ukweli utakaomgharimu, funga wako! Mwache apoteze. Mimi nilimshindia wangu mchezo mmoja, na sasa kila nikiongea naye anatafuta shahidi mwingine.